Tisini na Tano ya Mkwe

Shemeji yangu Sagynali amekosa mambo mengi maishani, lakini hajawahi kukosa la kusema kuhusu petroli. Miaka ishirini na miwili amebeba abiria kati ya Bishkek na Talas, kwa gari lile lile la Kijerumani la rangi ya kijivu, ambalo mlango wake mmoja wa nyuma haumtii mtu ila yeye. Mimi naitwa Batma, ni mdogo wa mkewe, Anarkul. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, na haki yangu hiyo sijawahi kuiacha ilale bure. Nilikuwa nikimwambia kwamba siku akifa tutamzika na dumu la lita tano kando yake, asije akapewa huko aendako mafuta asiyoyajua.

Kijiweni kwao madereva vijana hujaza petroli ya namba tisini na tano na kujisifu kana kwamba wao ndio wameichimba. Sagynali alikuwa akiwashika mkono mmoja mmoja, anafungua kifuniko cha tangi lake na kuwaonyesha maandishi ya waliolitengeneza gari. Pale pameandikwa tisini na moja. Kwa hiyo tisini na mbili inatosha na chenji inabaki.

"Namba si nguvu, vijana," alikuwa akiwaambia. "Namba ni subira. Petroli ya namba kubwa haina haraka ya kuwaka, basi. Injini yenye papara ndiyo inayoihitaji. Hii yangu ni bibi kizee, subira anayo ya kwake. Punda ukimlisha shayiri ya farasi wa mbio hashindi mbio, anajaa gesi tumboni tu."

Wao wakicheka, yeye akiendelea. Alijua kuchovya karatasi kwenye petroli, kuiacha ikauke na kuinusa, ajue kama imechakachuliwa. Alikuwa akisema namba ndogo haiui gari, kinachoua ni namba ya uongo. Askari wa barabarani aliwahi kumsimamisha kwa mwendo kasi akaishia kufundishwa kusoma kifuniko cha tangi, na akamwachia aende zake, nadhani kwa kuchoka.

Mdomo huo huo ndio uliomponza. Binti yake mkubwa, Sayra, alipoolewa, wakwe walichinja kondoo, na kwetu kila kipande cha kondoo kina mwenyewe. Mkwe hupewa mfupa wa nyonga. Siku ile, kwa kusahau au kwa makusudi, Sagynali akawekewa muundi. Angeutafuna akanyamaza. Badala yake akaugeuza mbele ya watu na kuuliza kama kondoo wao alikuwa na miguu sita. Upande wetu tulicheka. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Sayra alikaa nyumba ile miaka mitatu, na kila alipopakua chakula aliulizwa kama baba yake amehesabu miguu. Mwaka wa nne akarudi kwao na sanduku moja na macho yaliyovimba.

Tangu siku ile Sagynali hakuwa yule tena mbele ya wakwe. Kijiweni aliendelea kupayuka, nyumbani alibishana nami mpaka chai ikapoa, lakini ukimtajia mkwe tu anameza mate na kutazama chini. Binti wa pili, Aizirek, alipoolewa bonde la Talas vuli iliyopita, nilimwona baba yake akikaa harusi nzima kama mtu aliyeshonwa midomo. Alimwambia Anarkul, nami nikiwepo, kwamba huyu mtoto hatarudi na sanduku kwa sababu ya ulimi wake, hata kama atalishwa kwato.

Mkwe wa upande huo ni mzee Kalmurat. Zamani alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la ushirika, sasa analima maharage kama bonde zima. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye aibu ya kimaskini, ile inayomfanya mtu akope sukari ili mgeni asiikose. Jicho lake moja limefungwa na mtoto wa jicho na la pili lilikuwa linafuata. Mwezi wa pili tulialikwa kwenda kumtazama Aizirek, mimi, Anarkul na Sagynali, na ikapangwa kwamba tukirudi tutarudi na Kalmurat, apelekwe Bishkek kwa daktari wa macho.

Tulilala siku mbili. Kondoo alichinjwa, Sagynali akapewa nyonga, akaila kimya mpaka ikang'aa. Aizirek alikuwa akipita na sinia, kitambaa cheupe kichwani, tumbo limeanza kuonekana. Mama mkwe wake alimwita "mwanangu" bila kulazimishwa na mtu. Nilimwambia Anarkul usiku kwamba hapa mtoto amepata nyumba. Anarkul aligonga ubao wa kitanda mara tatu kuzuia husuda.

Asubuhi ya kuondoka, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulipotoka uani tukamkuta Kalmurat amesimama kando ya gari, mikono myekundu, dumu tupu miguuni. Alikuwa ameamka alfajiri na kujaza tangi mpaka juu.

"Mkwe hushibishwa tumbo lake na la gari lake," akasema, na majirani waliokuja kutuaga wakaitikia. "Tisini na tano hiyo. Tisini na mbili nampa jirani akiniomba. Mkwe hapewi shingo ya kondoo."

Sagynali aliinama kufuta theluji karibu na kifuniko. Nikaona mgongo wake umeganda kidogo. Kisha akafuta tena mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Wakati ule mimi sikuelewa, lakini wewe ninayekusimulia sitakuficha. Alikuwa amenusa naftalini, vile vidonge vyeupe tunavyotia masandukuni nondo wasile mazulia. Zamani mafundi wa vijijini walikuwa wakiisaga na kuimimina katika petroli dhaifu ya themanini ili injini isigonge, wakaiita tisini na kitu. Majira ya joto gari linatembea. Kwenye baridi kali naftalini haikubali kubaki imeyeyuka, inarudi kuwa chengachenga ndani ya mipira inayopitisha petroli na kulikaba chujio la mafuta. Na mbele yetu palikuwa na kilele kimoja, uwanda wa Suusamyr ambao ndio jokofu la nchi nzima, halafu handaki refu la chini ya mlima. Gari likizimika kwenye kilele unaganda. Likizimika ndani ya handaki, moshi wa malori unakumaliza kabla ya baridi. Na Anarkul ana pumu. Ameitoa katika kiwanda cha sufu alikofanya kazi ujana wake wote.

Sagynali aliyajua yote hayo pale pale uani. Alidhani mzee wa watu ametapeliwa na mchuuzi wa madumu. Neno moja tu lingetosha: mkwe, umeuziwa vibaya, tumwage. Lakini majirani walikuwa wamesimama, na kumwambia mtu mbele ya majirani kwamba heshima aliyompa mkwe wake ni takataka, huko si kuuliza habari za miguu ya kondoo, ni kubaya zaidi. Nyuma ya majirani alisimama Aizirek, mikono ameikunja juu ya tumbo, akimtazama baba yake mdomoni.

"Ahsante, mkwe," akasema Sagynali. "Umetuheshimu."

Mimi mjinga nikachokoza. Nikamuuliza, shemeji, leo hakuna hotuba ya punda na shayiri? Akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu nimjue, nikafunga domo langu. Tukanyanyua viganja, mama mkwe akatuombea njia, tukapangusa nyuso kwa amina. Kalmurat akawekwa mbele kama inavyostahili, sisi wanawake nyuma, mkate na mguu wa kondoo mapajani kwangu.

Saa nzima ya kwanza gari lilikwenda vizuri. Kulikuwa na harufu ndani, nami nikadhani ni koti la Kalmurat, la kutokea sandukuni, la safari za hospitali na mazishi. Nikateremsha kioo kidole kimoja. Anarkul akaniambia nikipandishe, kifua chake hakitaki baridi.

Tulipoanza kupanda kilele cha Otmok, injini ikashtuka. Mara moja tu, kama mtu aliyekwaa jiwe. Baada ya kona mbili ikashtuka tena. Sagynali alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, yeye ambaye siku zote huendesha kwa mmoja na kufundisha kwa mwingine. Kalmurat alitazama mbele, ingawa sijui alikuwa akiona nini kwa macho yale. Ukimya ule ulinitia hofu kuliko kona. Nikaanza kusimulia habari za sokoni kwangu ninakouza mapazia, nikacheka peke yangu, nikaacha.

Kilele tulikipita kwa kukohoa. Tukashuka Suusamyr, theluji upande huu, theluji upande ule, barabara katikati na upepo ukiipiga. Penye njia panda pana kituo cha mafuta, na Sagynali akasimama pale. Akafungua boneti, akachomoa chujio, akalipuliza kwa mdomo huku ametugeuzia mgongo. Nilishuka kunyoosha miguu nikamwona akienda kwa muuzaji na dumu la lita kumi alilolitoa nyuma. Muuzaji, msichana aliyejifunga shali mpaka puani, akamuuliza tisini na mbili au tisini na tano. Sagynali akasema tisini na mbili. Mwaka mzima lile ndilo jibu la haraka kuliko yote kinywani mwake, lakini safari hii alilitoa kwa sauti ya mtu anayeiba.

Nia yake, kama alivyokuja kunieleza, ilikuwa hivi: atasogeza gari nyuma ya kituo, atasingizia mpira wa mafuta unavuja, atamwaga kiasi cha naftalini ile kwenye theluji na kuongeza petroli safi. Ingetosha kutuvusha. Lakini Kalmurat naye alikuwa ameshuka. Akaja polepole, akipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, mpaka akafika alipo mkwe wake, na kulisikia dumu linajazwa.

"Mkwe," akasema. "Niliyokupa haitoshi?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Lilikuwa swali la mtu mnyonge, na uso wake ulikuwa umeelekea pembeni kidogo, mahali ambapo Sagynali hakuwepo.

Shemeji yangu alisimama na dumu mkononi. Nilimwona akifungua mdomo. Leo hii ukiniuliza ni wakati gani ningependa urudi, ni ule, kabla hajaufunga.

"Inatosha, mkwe," akasema. "Dumu hili nililiazima kwa mtu wa kijiweni, namrudishia likiwa limejaa." Akalipia, akalifunga, akalitia nyuma pamoja na mizigo. Akawasha gari.

Nikamnong'oneza Anarkul kwamba mumeo leo hayuko sawa. Akaniambia ameona, nimwache aendeshe.

Kabla ya mdomo wa handaki huwa kuna foleni, malori yamepumzika, watu wanakojoa, wengine wananunua jibini kavu kwa akina mama. Hapo Sagynali alifanya jambo lililonishangaza. Alimfungulia Anarkul mlango akamwambia kuna gari dogo la jirani yetu pale mbele, lina nafasi mbili, lina joto zuri, kwa nini wanawake wasipande lile mpaka ng'ambo. Alisema huku anatazama viatu vyake.

Anarkul akamtazama. "Nimwache mkwe aone nimelikimbia gari alilolijaza kwa heshima? Watu watasemaje?" Akavuta mlango. Ule mlango usiomtii mtu ulimtii. Nami nilipotaka kushuka akanishika mkono, si kwa nguvu, lakini nikakaa.

Tukaingia.

Aliyepita humo anajua. Taa ni chache, njano, zinatetemeka kwenye moshi. Kuta zinatoa maji. Malori yanapishana karibu mpaka unavuta pumzi kama vile itasaidia gari lipungue unene. Na hakuna anayeingia humo bila kukumbuka habari za waliokwama zamani wasitoke. Anarkul alijifunga shali puani na kushika ile dawa yake ya kuvuta, tayari. Nilianza kuhesabu taa. Nilifika thelathini na kitu, injini ikakohoa, ikatetemeka kama ng'ombe aliyepigwa shoka, ikanyamaza.

Niliogopa. Sitaki kulipamba.

Sagynali akatoka mbio, akafungua boneti, akachomoa chujio, akaligonga kiganjani. Kwa mwanga wa lori lililokuwa nyuma yetu nikaona chembe nyeupe zimeanguka mkononi mwake, kama sukari. Akalipuliza, akarudisha, akawasha. Tukaenda kama mita hamsini. Likazima. Akatoka tena. Malori nyuma yakaanza kupiga honi, na honi ndani ya handaki haipigwi masikioni, inapigwa mifupani. Moja likajitoa likatupita, likatuachia wingu lake lote. Mara ya tatu betri ikaanza kulegea. Lile dumu la nyuma lisingetufaa tena, mipira ilikuwa imekwisha kuziba.

Anarkul alivuta dawa mara mbili, mara nne, halafu kichupa kikatoa hewa tupu. Kifua chake kilikuwa kikipiga mluzi. Nililowesha kitambaa kwa chai ya kwenye chupa nikamwekea puani, akakisukuma, akakirudisha mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nikawa nasema dada, dada, neno jingine limenikimbia.

Kalmurat alitoka, akajaribu kusukuma gari kwa nyuma, mzee wa miaka sabini asiyeona lori lilipo. Kisha akaja mbele, akishika ubavu wa gari, mpaka akamkuta mkwe wake ameinamia injini. Kioo kilikuwa wazi. Nilisikia kila neno.

"Mkwe," akasema. "Ile si tisini na tano."

Sagynali akaendelea kupuliza chujio.

"Ni themanini ya trekta. Nimeichanganya kwa mikono yangu. Maharage mwaka huu hayakuuzika, nikasema mkwe wangu hawezi kutoka kwangu na themanini. Shambani enzi zetu tulifanya hivyo na magari yalikwenda."

"Najua, mkwe."

"Unajua nini?"

"Nilinusa. Pale uani."

Kalmurat aliachia ubavu wa gari. Lori likapita. "Ulinusa," akasema, "ukawapakia wanawake?"

"Binti yangu yuko nyumbani kwako."

"Ningekasirika siku moja," akasema mzee, na sauti yake ikapasuka. "Siku moja tu, mkwe. Kesho yake ningekuja kukuomba radhi."

"Yule wa kwanza alikasirika miaka mitatu."

Mimi sikungoja wamalize kupeana heshima. Nilishuka nikasimama katikati ya barabara, mikono juu, mbele ya lori la makaa ya mawe. Dereva alifunga breki, akatoa kichwa akanitukana mama yangu na bibi yangu. Nikamwambia nitukane ukishamwona dada yangu. Akashuka na tochi, mtu mnene mwenye masizi usoni, akammulika Anarkul mara moja tu, akaacha kutukana. Yeye na Sagynali wakambeba mpaka kwenye kibanda cha lori. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka upande, na Sagynali alikuwa akikirudisha kwa kiganja, kinaanguka, anakirudisha. Mimi nikapanda nikampakata. Wanaume wawili wakabaki na gari ndani ya moshi ule, na sikuwa na huruma nao hata chembe.

Njia ya kutoka ilikuwa ndefu kuliko maisha yangu yote kabla ya siku hiyo. Nilihesabu pumzi zake badala ya taa. Kuna mahali nilihesabu moja, nikangoja ya pili, nikangoja. Nikampiga kofi. Nilimpiga kofi dada yangu mkubwa, aliyenilea, na akavuta pumzi. Tulipotokea kwenye mwanga, dereva akafungua vioo vyote, baridi ikaingia kama maji, naye akashuka zile kona kwa mwendo ambao Sagynali angeuhubiria wiki nzima. Alitufikisha hospitali ya Kara-Balta, akakataa hata mkate, akarudi kwenye makaa yake.

Wanaume walivutwa kutoka handakini na lori la kumwaga chumvi. Waliingia hospitali jioni, weusi, wakikohoa, wamebebana, sijui nani alimwongoza nani. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja mwisho wake. Daktari aliniambia mapafu yamechoka, atapona, lakini si ya kuchezewa tena, na kama tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Nilikuwa nawatazama wale wawili kwa kioo cha mlango na kutafuta tusi linalowatosha.

Siku ya pili Anarkul aliweza kuondoa barakoa ya hewa na kuongea kidogo kidogo. Sagynali alikuwa amesimama dirishani, Kalmurat amekaa karibu na mlango, kofia yake ya sufu juu ya goti. Safari ya macho alikuwa ameiahirisha, alisema haoni sababu ya kuona. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia dada yangu mbele yao kwamba mumeo alijua. Tangu uani alijua, na akakutia ndani ya tundu lile na kifua chako.

Anarkul akafumba macho. "Hata mimi nilijua."

Nikadhani homa inasema.

"Masanduku ya mahari yangu yananuka vile mpaka leo, Batma. Utaniambia sijui naftalini?"

"Ulijua ukakataa kushuka?"

"Ningeshuka, mkwe angeuliza kwa nini." Akapumzika, akavuta hewa mara tatu. "Yule ni mtoto wangu pia."

Sagynali aliweka paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Kumbe siku nzima ile alikuwa akiogopa peke yake, na mkewe nyuma yake akiogopa peke yake, na mzee naye pembeni akiogopa peke yake, na mimi ndimi pekee niliyekuwa nauliza kuna nini. Kalmurat alisimama. Akasema atapiga simu nyumbani sasa hivi, atawaambia mkewe na majirani wote alichokifanya, na Aizirek asikie kwa kinywa chake. Sagynali akageuka. Sijui angemjibu nini, maana simu yangu ililia, na alikuwa Aizirek.

Alikuwa amesikia kwa watu kwamba barabara ilifungwa kwa theluji, na kwamba mama amepata baridi ya kifua njiani. Hakujua zaidi. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyezungukwa na watu wanaosikiliza. Nikafungua sauti ya simu ili wote tusikie, nikamshikia Anarkul karibu na mdomo. Walisalimiana. Kisha Aizirek akasita.

"Mama," akasema. "Mama mkwe anauliza, ile petroli ya baba mkwe ilitosha? Halali usingizi, anaogopa isije ikawa iliwaishia njiani."

Kalmurat alikuwa amenyoosha mkono hewani, akiitafuta simu, mdomo umefunguka tayari kusema. Anarkul alimwona. Akanishika kifundo cha mkono na kuivuta simu upande wake.

"Ilitosha, mwanangu," akasema. Akavuta hewa. "Mwambie ilitosha na nyingine ikabaki. Na mwambie baba yako ameisifu."

Tukamsikia Aizirek akigeuka kumwambia mtu pale chumbani, imetosha, imetosha, na sauti ya mama wa makamo ikacheka kwa furaha na kumshukuru Mungu. Mkono wa Kalmurat ulishuka. Sagynali alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamrudishia mkewe barakoa usoni, akashindwa kufunga kamba, nami nikamfungia. Kisha nikatoka nje, nikavuka ua wa hospitali mpaka nyuma ya banda la makaa, mahali ambapo hakuna mkwe wa mtu yeyote, nikalia.